Mtu wa Kwenda Mwenyewe

Damu ya Olof Palme iliingia katika mapambano dhidi ya makaburu karibu miaka arobaini kabla haijamwagika barabarani mjini Stockholm. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa kijana wa masomoni, na kule Afrika Kusini ubaguzi wa rangi ndiyo kwanza ulikuwa unaandikwa kuwa sheria. Wanafunzi wa Uswidi wakaazimia kumsomesha Mwafrika mmoja wa nchi ile. Wakati huo mtu aliyetoa damu Uswidi alilipwa, basi wanafunzi wakaenda, wakakunja mikono ya mashati, wakatolewa damu, na malipo yao yakaingia kwenye mfuko wa masomo. Palme alikuwa miongoni mwao.

Jambo lenyewe ni dogo. Wanaosimulia maisha yake hulipitia kwa sentensi moja au mbili, wakielekea kwenye uwaziri mkuu, Vietnam na ile risasi. Mimi naona linamweleza kuliko hotuba zake nyingi. Tunaambiwa damu nzito kuliko maji, na maana yake ni damu ya ukoo. Kijana huyu aliitoa yake kwa mtu asiye wa ukoo wake, wa upande wa pili wa dunia, na hakungoja apate cheo ndipo asaidie.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanamfahamu Palme kwa mambo mawili: kwamba alikuwa Waziri Mkuu wa Uswidi na rafiki wa Mwalimu Nyerere, na kwamba aliuawa. Yote mawili ni kweli. Lakini nikiyakusanya yale yasiyosimuliwa sana, naona yamefungwa kwa uzi mmoja. Palme alikuwa mtu wa kwenda mwenyewe. Pale ambapo kiongozi mwingine angetuma tamko, salamu au mwakilishi, yeye alipeleka mwili wake.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na Palme alizaliwa ameshiba. Alizaliwa tarehe 30 Januari 1927 Östermalm, mtaa wa wakubwa mjini Stockholm. Babu yake na baba yake waliongoza kampuni ya bima ya Thule. Mama yake, Elisabeth von Knieriem, alitoka katika familia ya mabwanyenye wazungumzao Kijerumani huko Latvia, na Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyomfikisha Uswidi. Mtoto alikulia katikati ya vitabu na lugha za kigeni, akiumwaumwa, na alipofikisha miaka saba akafiwa na baba.

Ukoo wake nao ulikuwa na mambo. Baba yake mkubwa, ambaye pia aliitwa Olof Palme, alikufa mwaka 1918 mjini Tampere katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Finland, akipigana upande wa Weupe dhidi ya Wekundu. Mwanamke mwingine wa ukoo huo huo, Anna Palme, aliolewa na daktari Mbengali aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, Uingereza. Mtoto wao, Rajani Palme Dutt, akawa mwananadharia mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha Uingereza kwa miaka mingi. Kwa hiyo katika nasaba moja walikuwemo aliyekufa akiwapiga Wekundu na aliyeishi akiwaandikia. Olof huyu mdogo hakufuata njia ya yeyote kati yao. Alichagua usoshalisti wa kura, wa vyama vya wafanyakazi na wa kodi, na hakuukuta nyumbani kwao.

Alikoukuta ni hadithi ya barabarani. Mwaka 1947 alikwenda kusoma Chuo cha Kenyon, jimbo la Ohio, Marekani, na mwaka uliofuata akahitimu. Huko aliandika insha kuhusu hoja za Friedrich Hayek, mwanauchumi aliyeonya kwamba mipango ya uchumi inayopangwa na serikali huwafikisha watu utumwani. Angeweza kurudi kwao na cheti chake, akapokewa katika biashara ya bima, akaishi maisha mema yasiyo na maadui. Badala yake alisimama kando ya barabara kuu akanyoosha kidole gumba. Alizunguka majimbo zaidi ya thelathini kwa kuomba lifti na kupanda mabasi, mfukoni akiwa na dola chache. Kule Detroit alimtafuta Walter Reuther, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, akamhoji. Kusini aliona mabango ya kuwatenga Weusi na Weupe, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kupigana na Hitler kwa jina la uhuru.

Anayesafiri kwa lifti hukaa kiti kimoja na watu ambao asingekutana nao kamwe sebuleni kwa wazazi wake, na ananyamaza wao waseme kwa sababu gari ni lao. Naamini Palme alijifunza huko jambo ambalo wasomi wengi wa tabaka lake hawakulipata chuoni. Baadaye alizoea kutaja mambo matatu yaliyomfanya msoshalisti: mjadala wa kodi alioushuhudia Stockholm mwaka 1947, ambako Waziri wa Fedha Ernst Wigforss aliwakabili wapinzani wake kwa hoja, safari hiyo ya Marekani, na safari ya Asia ya mwaka 1953, alikokwenda kwa shughuli za wanafunzi akaona ukoloni na umaskini kwa macho yake. Hebu tazama: mawili kati ya matatu ni safari.

Kuna jingine la miaka hiyo ambalo halijulikani sana. Mwaka 1949 alifunga ndoa na mwanafunzi wa Chekoslovakia ili binti huyo apate njia ya kutoka katika nchi iliyokuwa imeangukia mikononi mwa wakomunisti. Wakaachana mwaka 1952. Waliokuja kumwita kibaraka wa Moscow hawakulijua hili, au walilijua wakalifumbia macho. Mwaka 1956 alimwoa Lisbeth Beck-Friis, mwanasaikolojia wa watoto, na ndiye aliyekuwa ubavuni mwake hadi dakika ya mwisho.

Kisha akaja Tage Erlander, Waziri Mkuu, aliyemchukua mwaka 1953 kuwa katibu wake. Ngazi zikafuatana upesi: bungeni, uwaziri usio na wizara maalumu mwaka 1963, mawasiliano mwaka 1965, elimu mwaka 1967. Akiwa Waziri wa Mawasiliano ndipo Waswidi walipohamisha magari kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Septemba 1967, ingawa katika kura ya maoni ya mwaka 1955 zaidi ya asilimia 80 walikuwa wameikataa fikra hiyo. Sisi tunaoendesha kushoto tunaweza kukisia kazi ilivyokuwa: kila alama ya barabarani katika nchi nzima, kila kituo cha basi, kila mazoea ya mguu na jicho.

Mwezi Mei 1968, wanafunzi wa Stockholm walipoliteka jengo la umoja wao, Waziri wa Elimu hakutuma polisi kwanza. Alikwenda yeye usiku, akasimama mbele ya ukumbi uliojaa vijana waliomzomea, akabishana nao. Miezi mitatu kabla ya hapo, tarehe 21 Februari, alikuwa ametembea mitaani Stockholm na mwenge mkononi, bega kwa bega na balozi wa Vietnam ya Kaskazini, kupinga vita vya Marekani. Waziri wa serikali ya Ulaya Magharibi, kwa miguu, ndani ya maandamano! Washington ikamwita balozi wake arudi kwa mashauriano. Mwaka 1972, Palme akiwa Waziri Mkuu tayari, Wamarekani walipoimwagia Hanoi mabomu wakati wa Krismasi, alisoma redioni tamko fupi lililoyaweka mabomu hayo katika mstari mmoja na Guernica, Lidice, Treblinka na Sharpeville. Nixon alikasirika kiasi cha kukataa kupokea balozi mpya wa Uswidi, na uhusiano haukutengemaa hadi mwaka 1974.

Msomaji wa kwetu atambue neno moja katika orodha ile. Sharpeville. Ni watu wachache sana wenye madaraka Ulaya wakati huo ambao, wakihesabu maovu makubwa ya karne, wangekumbuka kuwaweka Waafrika 69 waliopigwa risasi mwaka 1960 kwenye daraja moja na wahanga wa Wanazi. Yeye aliwaweka bila kufafanua wala kuomba radhi. Na asidhaniwe alikuwa na jicho moja tu. Majeshi ya Urusi ya Kisovieti yalipoingia Prague mwaka 1968 aliyalaani, na miaka saba baadaye aliwatukana watawala wa Chekoslovakia kwa maneno makali yasiyozoeleka katika diplomasia.

Picha yake ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1975. Mwishoni mwa Septemba mwaka ule, serikali ya Jenerali Franco wa Hispania iliwapiga risasi wanaume watano baada ya hukumu za haraka. Palme aliwaita waliofanya hivyo wauaji wa kishetani. Hakuishia kwenye maneno. Alikwenda barabarani Stockholm na kopo la michango mkononi, lenye maandishi ya kudai uhuru wa Hispania, akawa anakusanya sarafu kutoka kwa wapita njia. Hebu fikiri juu ya kopo lile. Serikali yake ilikuwa na hazina, na kwa saini moja angeweza kupeleka fedha ambazo makopo elfu yasingezipata. Lakini sarafu inayodondoka koponi ina jambo ambalo hundi ya hazina haina: mtu mmoja amesimama, amefungua pochi, ameamua. Nadhani Palme alitaka Waswidi wenyewe wawe upande wa Wahispania, na alijua hawezi kuwaomba mkono wao bila kuunyoosha wake.

Mambo ya nyumbani kwao nitayapitia haraka, maana yameandikwa sana. Mwaka 1971 Uswidi iliacha kuwatoza kodi mume na mke kama mtu mmoja, na wanawake wengi wakaona faida ya kwenda kazini. Mwaka 1974 likizo ya uzazi ikawa ya mzazi, baba au mama, jambo ambalo hakuna nchi nyingine iliyokuwa imelifanya. Lisilojulikana sana ni kwamba mwezi Juni 1970, akiwa Washington mbele ya wanawake wa chama cha Democratic, kiongozi huyu ambaye kila mtu alitarajia azungumzie Vietnam alizungumzia ukombozi wa wanaume: kwamba baba naye ananyimwa kitu anaponyimwa kulea watoto wake. Familia yake iliishi miaka mingi katika nyumba ya kawaida ya safu huko Vällingby, kitongoji cha wafanyakazi na makarani, na mkewe aliendelea na kazi yake ya saikolojia ya watoto.

Sitaki kumchora malaika. Mwezi Agosti 1973 mtu mwenye bunduki aliingia katika benki moja pale uwanja wa Norrmalmstorg, akawashika wafanyakazi mateka, na kwa siku sita nchi nzima ikakaa mbele ya televisheni. Ndilo tukio lililoipa dunia msemo wa ugonjwa wa Stockholm. Mateka mmoja, mwanamke kijana, aliruhusiwa kuzungumza na Waziri Mkuu kwa simu. Alimsihi awaache watoke na watekaji wao kwa gari, kwani alikuwa akiwaogopa polisi kuliko walioshika bunduki. Palme alikataa. Mwanamke huyo alikuja kusimulia kwamba katika mazungumzo yale Waziri Mkuu alimuuliza kama isingekuwa jambo la heshima kufa akiwa kazini. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na serikali haikutaka kuonekana imepiga magoti mbele ya jambazi. Namwelewa kama kiongozi. Kama binadamu siwezi kumtetea. Ilikuwa mara mojawapo ambayo yeye hakwenda. Alikuwa sauti ndani ya waya, na upande wa pili alikuwepo mtu mwenye hofu ya kufa.

Mwaka huo huo waandishi wa habari walifichua kwamba idara ya siri ya ujasusi, iliyofahamika kama IB, ilikuwa ikiwachunguza raia wa mrengo wa kushoto. Waandishi wakafungwa, na serikali ya Palme ikakana hadi ikachoka kukana. Na Uswidi ya amani ilikuwa pia Uswidi ya viwanda vya silaha. Mkataba wa kuiuzia India mizinga ya kampuni ya Bofors, uliotiwa saini wiki chache baada ya kifo chake, yeye mwenyewe alikuwa ameupigia debe kwa Rajiv Gandhi, Waziri Mkuu wa India. Ukaja kunuka rushwa na kuchangia kuiangusha serikali ya India. Mtu aliyeongoza tume ya kimataifa ya kupunguza silaha, aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kusuluhisha Irak na Irani, alikuwa pia muuza mizinga. Waliompenda wameliacha hili pembeni. Mimi naliweka mezani, kwa sababu uzito wa mema yake unatosha kulibeba.

Sasa nije kwetu. Mwaka 1969 Bunge la Uswidi lilikubali kwamba serikali inaweza kuwasaidia wapigania uhuru wa Afrika moja kwa moja, jambo ambalo nchi nyingine za Magharibi ziliona ni haramu. PAIGC ya Amílcar Cabral kule Guinea-Bissau ilikuwa ya kwanza kunufaika, FRELIMO ya Msumbiji ikafuata, kisha ANC ya Afrika Kusini. Misaada ilikuwa ya chakula, nguo, dawa, vitabu na magari. Bunduki zilitoka kwingine. Sehemu kubwa ya misaada hiyo ilipita Dar es Salaam, mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na ambako Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini ilikuwa tayari inapata msaada wa Uswidi kwa ajili ya kuwasomesha watoto wa wakimbizi.

Mwaka 1971 Palme akaja mwenyewe. Alizuru Zambia na Tanzania. Akiwa na Rais Kenneth Kaunda alifika ukingoni mwa mto Zambezi, akautazama upande wa pili uliokuwa mikononi mwa walowezi, akasema kwamba pale ndipo mpaka wa utu unapopita. Tukumbuke mwaka: Ureno, mtawala wa Msumbiji na Angola, ilikuwa mwanachama wa NATO, na serikali nyingi za Ulaya zilimhesabu Nyerere kuwa mwenyeji wa magaidi. Waziri Mkuu wa Uswidi aliwahesabu wenzake wa Dar es Salaam na Lusaka kuwa ndio walio upande sahihi wa mto.

Na Mwalimu walielewana tangu mapema. Wote wawili walikuwa wasomi waliopenda kubishana, wote waliamini usoshalisti unaanzia darasani. Kabla ya hapo nchi za Nordiki kwa pamoja zilikuwa zimejenga Kibaha, mradi ulioanza mwaka 1963: shule ya sekondari, kituo cha afya, kituo cha mafunzo ya kilimo, vyote vikakabidhiwa kwa Watanzania mwaka 1970. Mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu vya Uswidi na kwa msaada wa Waswidi. Huko mtu mzima aliyeishia darasa la saba alijifunza useremala, ushonaji, ufundi magari, kilimo, na pia uraia. Uswidi ilisaidia bwawa la umeme la Kidatu, visima vya maji kanda ya Ziwa, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo huko Mufindi. Si vyote vilivyostawi. Kiwanda cha karatasi kilikuja kulemewa, visima vingi vilikauka pampu zilipokosa vipuri, na fedha za Uswidi ziliendelea kumiminika hata pale mipango yetu wenyewe ilipokuwa imekwama na ilihitaji rafiki wa kusema hapana. Palme na wenzake walituheshimu, na katika heshima hiyo walichelewa kutukosoa. Hilo ni kosa, lakini ni kosa la mtu aliyekaa upande wako, na nalitofautisha na hila za waliokuja kutukopesha.

Septemba 1984 alikuwa Arusha, katika mkutano uliovikutanisha vyama vya kisoshalisti vya Ulaya na Nchi za Mstari wa Mbele, pamoja na ANC na SWAPO ya Namibia. Ulaya ilikuwa imejaa viongozi waliosema vikwazo vitawaumiza Waafrika. Palme alikuja kukaa meza moja na wale waliotakiwa kuumia, na hao wakamwambia: wekeni vikwazo.

Ijumaa tarehe 21 Februari 1986, Stockholm iliandaa mkutano mkubwa wa wananchi dhidi ya ubaguzi wa rangi. Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, alikuwepo. Palme alipanda jukwaani akasema ubaguzi wa rangi haurekebishiki, dawa yake ni kuung'oa, na kwamba ukiendelea kuishi ni kwa sababu dunia inauruhusu kuishi. Ilikuwa moja ya hotuba zake za mwisho.

Wiki moja baadaye, Ijumaa tena, aliwaruhusu walinzi wake wakapumzike. Jioni yeye na Lisbeth wakaamua kwenda sinema. Kutoka nyumbani kwao katika mji mkongwe wa Gamla stan walipanda treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Rådmansgatan, kama abiria wengine, wakanunua tiketi pale sinema ya Grand, wakakaa na mtoto wao Mårten na mchumba wake kutazama filamu ya Suzanne Osten iitwayo *Bröderna Mozart*. Ilipokwisha waliagana na vijana. Mume na mke wakaanza kutembea kuelekea nyumbani kwa kufuata barabara ya Sveavägen, usiku wa baridi kali. Walivuka barabara, wakasimama kidogo kutazama dirisha la duka, wakaendelea. Kwenye kona ya Tunnelgatan, saa tano na dakika 21 usiku, mtu mmoja aliwakaribia kwa nyuma akampiga Palme risasi ya mgongoni kwa karibu sana. Risasi ya pili ilimparuza Lisbeth. Muuaji akakimbilia kichochoroni akapanda ngazi 89 zilizoko mwisho wake, akapotea. Palme alithibitishwa amekufa hospitalini dakika chache baada ya saa sita usiku. Alikuwa na miaka 59.

Risasi zote mbili hazikuokotwa na polisi; ziliokotwa na raia. Watu zaidi ya mia moja wamejitokeza kudai ni wao waliomuua. Mtu mmoja alihukumiwa mwaka 1989 akaachiwa kwa rufaa mwaka huo huo. Mwaka 2020 mwendesha mashtaka alimtaja Stig Engström, aliyekwishafariki mwaka 2000, akafunga faili, na hakuna mahakama iliyowahi kuupima ushahidi huo. Wako waliowashuku makaburu, na shaka hiyo imechunguzwa bila kuthibitishwa. Sina la kuongeza hapo.

Mara nyingi nimesikia ikisemwa kwamba alikuwa mzembe, kwamba kiongozi aliyechukiwa kiasi kile, ambaye sura yake ilichapishwa kwenye mbao za kurushia vishale, hakupaswa kutembea peke yake usiku. Labda. Lakini mtu aliyeomba lifti Marekani, aliyewakabili wanafunzi ukumbini, aliyetikisa kopo barabarani, angewezaje kuishi ndani ya msafara wa ving'ora? Kutembea bila walinzi kulikuwa sehemu ya siasa yake kama ilivyokuwa sheria ya kodi. Alitaka Waziri Mkuu awe raia mwenye kazi kubwa, basi. Sisi tunaosimamishwa barabarani saa nzima mkubwa apite tunajua thamani ya alichokitaka, na Waswidi wanajua gharama yake.

Mwaka 1987 Uswidi ilipiga marufuku biashara na Afrika Kusini. Machi 1990, mwezi mmoja tu baada ya kutoka gerezani, Nelson Mandela alikuwa Stockholm kumwona Tambo, aliyekuwa akitibiwa huko baada ya kupata kiharusi. Vile Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vipo hadi leo, zaidi ya hamsini, na katika miaka ya karibuni vimewapokea wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito. Wao wakiwa darasani, watoto wao wanalelewa katika vituo vya watoto palepale chuoni. Sijui jambo lingine katika nchi yetu lililokaribia zaidi alichokisema Palme kuhusu elimu na malezi.

Waswidi wameziandika kumbukumbu zao za miaka ile. Taasisi ya Nordiki ya Afrika iliyoko Uppsala imekusanya mahojiano na nyaraka, na Tor Sellström ameandika juzuu mbili nene kuhusu nchi yake na ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Nusu ya pili ya hadithi iko huku: kwa walimu wa Kibaha, kwa makarani waliopokea shehena bandarini, kwa madereva, wapishi na wauguzi wa makazi ya ANC huko Mazimbu na Dakawa, kwa wakufunzi wa kwanza wa vile vyuo. Wamezeeka, na kila mwaka tunawazika. Kama nyumbani kwako au mtaani kwako yupo mmoja wao, kaa naye wiki hii, washa kinasa sauti cha simu yako, mwulize alifanya kazi gani na aliwaona akina nani. Kisha ipeleke sauti hiyo kwenye maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nawe au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ihifadhiwe kwa jina lake.